Diski ya utafiti imeanguka na sasa inagonga: tutumie programu gani?

SWALI

Assalamu alaikum mtaalamu. Mimi ni msaidizi wa utafiti hapa Lamu, kwenye mradi wa mikoko na uvuvi ulio chini ya chuo kikuu kimoja cha bara. Diski yetu ya nje ya terabaiti 1 ilianguka kutoka mezani ikiwa imechomekwa kwenye laptopu. Tangu siku hiyo nikiichomeka inagonga tak, tak, tak, kisha Windows inaniuliza kama nataka kuifomati. Ndani mna picha za droni, sauti za mahojiano na wavuvi wa Faza na Kizingitini, na mafaili ya Excel ya misimu mitatu. Laptopu ilikuwa imejaa, kwa hiyo mafaili ya huko tulishayafuta tukijua bekapu ipo kwenye diski. Fundi mmoja mjini ana programu ya kurudisha data. Anataka aiache iskani usiku kucha, na ikishindikana ailaze kwenye friza. Mwenzangu anasema CHKDSK inatosha. Programu ipi ni bora tuinunue?

JIBU

Waalaikumu salaam, dada. Msinunue yoyote. Ichomoe diski sasa hivi na isichomekwe tena, hata kwa ile dakika moja ya kujaribu tu.

Swali la "programu ipi" ndilo linaloletwa na watafiti kila mara, na ndilo linaloua data nyingi kuliko kuanguka kwenyewe. Watu wameaminishwa kwamba diski ikigoma kuna programu ya kuitibu. Programu haina mkono wa kuingia ndani ya diski. Inachofanya ni kuiomba diski isome mahali fulani, na diski inasoma kwa vichwa vyake yenyewe. Kama vichwa vimepinda au vimevunjika, programu ya bure na ya dola mia zote zinaomba kitu kile kile kwa mashine isiyoweza kukitoa.

Huo mlio unaousikia una maana yake. Ndani kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika diski ndogo za kubeba, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Diski inapowaka, mkono wa vichwa unatafuta alama za mwongozo zilizoandikwa kwenye sahani tangu kiwandani. Usipozipata unarudi mwanzo na kujaribu tena, na kila kurudi huko ndiyo tak moja. Iwapo kichwa kimeng'oka kidogo kwa kishindo cha kuanguka, kila mzunguko unakwangua ule utando mwembamba wa sumaku ambamo data yako imeandikwa. Palipokwanguka hapana wa kuparudisha, awe na maabara ya namna gani. Sasa hesabu mwenyewe mizunguko ya usiku kucha ambayo fundi anakuombea ruhusa.

CHKDSK nayo ieleweke. Kazi yake ni kuweka sawa mpangilio wa mafaili ili Windows iweze kuendelea kuitumia diski. Kuokoa kilichomo si kazi yake. Ukiiendesha kwa /f inaandika kwenye diski, na kwa /r inalazimisha kila sehemu isomwe. Ikikuta folda isiyosomeka inaikata, na mabaki inayatupa kwenye folda inayoitwa FOUND.000 yakiwa na majina kama FILE0000.CHK. Kwenye diski isiyovunjika iliyochomolewa vibaya inasaidia sana. Kwenye diski inayogonga ni msumeno.

Ule ujumbe wa kufomati hauna maana kwamba diski ni tupu. Windows imeshindwa kusoma jedwali la mafaili, basi inapendekeza kuandika jipya. Jibu ni hapana, kila mara. Fomati ya haraka inafuta jedwali peke yake, lakini fomati kamili, tangu enzi za Windows Vista, inaandika sifuri diski nzima. Mafundi wanaosema "tufomati kwanza halafu turudishe" mara nyingi hawajui hata ni ipi kati ya hizo mbili wanayoibofya.

Friza! Ushauri huu ulianzia kwenye diski za zamani ambazo beringi zake zilikuwa zikikwama, na baridi ikasaidia chuma kusinyaa kidogo. Tatizo lako silo hilo. Halafu diski za kawaida hazikuzibwa kabisa, zina tundu dogo la hewa lenye kichujio. Ukiitoa diski kwenye friza katika hewa ya Lamu yenye joto na unyevu wa chumvi, matone ya maji yanatokea juu ya sahani kama yanavyotokea nje ya chupa ya soda baridi. Tone moja lina unene mara maelfu ya ule upenyo wa vichwa. Kuizika kwenye mchele nako hakuna inachofanya, ila kuingiza vumbi la mchele.

Na asije mtu akaifungua kifuniko kwa bisibisi juu ya meza, wala asikushawishi kununua diski ya aina hiyo hiyo ili abadilishe bodi ya saketi. Kwenye bodi kuna chipu yenye vipimo vya diski ile moja tu, na isipohamishwa bodi ngeni haitaisoma. Zaidi ya hapo, diski nyingi za kubeba zina tundu la USB lililounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na baadhi husimba data zote (huzifunga kwa msimbo) humo humo hata kama hukuwahi kuweka nenosiri.

Kuna hali moja tu ambapo mlio wa tak unaweza kuwa jambo dogo: diski haikuanguka, na waya ni mrefu au umepitia kigawanyaji cha USB. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900, ilhali diski inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampia nzima. Umeme ukipungua vichwa vinashindwa na diski inagonga. Hapo unajaribu mara moja, kwa waya mfupi, moja kwa moja kwenye laptopu. Yako imeanguka ikizunguka, kwa hiyo hata jaribio hilo usilifanye.

Kabla hujatoa senti, tafuta data hiyo hiyo kwingine, maana mara nyingi ipo. Kadi za memori za droni zikusanye zote leo na msizitumie tena kupiga picha. Kadi iliyofomatiwa ndani ya droni bado inaweza kutoa picha zake za zamani mradi hazijaandikwa juu. Rekoda za mahojiano vivyo hivyo. Kama madodoso yalijazwa kwa KoboToolbox au ODK, majibu yaliyotumwa yako kwenye sava, yapakue upya. Angalia barua pepe mlizowatumia wasimamizi zikiwa na Excel. Laptopu mliyofuta mafaili inategemea ina diski ya namna gani. Ikiwa ya sahani, izimeni na isitumike. Ikiwa SSD, yaani ya chipu isiyo na sahani, angalieni pipa la taka kwanza. Kilichokwisha kufutwa humo msikitegemee, kwa sababu Windows huiarifu SSD sehemu zilizoachwa wazi nayo huzisafisha yenyewe.

Kisichopatikana kwingine ndicho cha kupeleka maabara ya kurudisha data. Andika karatasi yenye modeli, namba ya diski, ilianguka vipi, iliwashwa mara ngapi baadaye na nani alijaribu nini. Kama ilifungwa kwa BitLocker, lile kufuli la data la Windows, uwe na ile namba ya tarakimu 48, lakini isisafiri ndani ya mfuko mmoja na diski. Ifunge kwa sponji, uitie kwenye mfuko usiopitisha maji kabla ya kupanda boti ya kwenda Mokowe, na ibebwe mkononi. Usiitume kwa parseli ya basi.

Uliza maabara maswali matatu kabla ya kuwaachia. Wana kabati la hewa safi la kufungulia diski? Wanatoa nakala ya diski nzima kwanza, au wanaskani diski yenyewe? Watakuonyesha orodha ya mafaili yanayofunguka kabla ya kulipwa? Akikuahidi asilimia mia kwa simu bila kuiona diski, ondoka. Hata ikishindikana, diski lazima irudi kwenu. Humo mna sauti na majina ya watu waliokubali kuhojiwa kwa masharti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inawahusu. Kumwachia fundi wa dukani usiku kucha ni kumpa mahojiano hayo, jambo ambalo fomu za ridhaa hazikumruhusu mtu yeyote kulifanya. Mtafiti mkuu aambiwe leo, kabla hajasikia kwa wengine.

Niwaandikie na wenye diski ambazo hazigongi ila zimekuwa nzito, zinakwamisha laptopu, faili moja linafunguka na jingine linagoma. Hapa programu zina nafasi yake, lakini kwa mpangilio. Jahazi likianza kuvuja, shehena hupakuliwa kwanza, kuziba nyufa baadaye. Washa kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, tafuta jina la diski kwa lsblk, chomeka diski nyingine isiyo na kasoro, yenye nafasi kubwa zaidi (kwa ya terabaiti 1 tumia ya 2), kisha utoe nakala kwa GNU ddrescue:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/mpya/diski.img /mnt/mpya/diski.map

Duru hii ya kwanza inachukua sehemu zinazosomeka bila kung'ang'ania mbovu. Ikiisha, rudia amri ukibadilisha -n kuwa -r3, ili ijaribu sehemu zilizobaki mara tatu. Lile faili la .map ndilo linalokumbuka ilipofika, hivyo stima ikipotea unaendelea ulipoachia. Usilifute. Diski nzima ya terabaiti 1 inamalizika kwa saa tatu hivi; mbovu inaweza kuchukua siku kadhaa. Jina la chanzo na la mahali pa kuandikia yasomwe na watu wawili kabla ya kubonyeza, kwa sababu ukiyageuza unaandika juu ya data unayoiokoa. Ikianza kugonga katikati, simama.

TestDisk na PhotoRec, programu za kutafuta mafaili yaliyopotea, zitumike kwenye nakala hiyo pekee. PhotoRec hairudishi majina wala folda. Picha zitakuja na majina ya tarakimu. Tarehe na mahali droni ilipopigia, kwa GPS, hubaki ndani ya picha, kwa hiyo mnaweza kuzipanga upya kwa kituo na siku. Wala msiguse programu za kulipia zilizovunjwa zinazouzwa kwa flashi. Inayokutaka uzime kinga ya virusi kwanza ina sababu yake.

Sasa lile neno lililonisumbua kuliko yote katika barua yako: "bekapu ipo kwenye diski". Siku mlipofuta ya laptopu, ile diski iliacha kuwa bekapu ikawa data yenyewe, pekee, ndani ya kifaa kinachobebwa na kuanguka. Maofisi mengi ya utafiti huku pwani yako hivyo leo. Wengine wana diski mbili, lakini zimenunuliwa siku moja duka moja na zinasafiri kwenye begi moja na laptopu. Boti ikipinduka hiyo ni nakala sifuri. Wengine wanategemea folda inayojilinganisha na Google Drive, wasijue kwamba wakifuta kwenye kompyuta inafutika na kule, na pipa la huko linajisafisha baada ya siku 30.

Nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwa intaneti ya visiwani, msijaribu kupandisha picha zote za droni. Zikae kwenye diski mbili zilizonunuliwa nyakati tofauti, moja Lamu na nyingine Malindi au Mombasa, zibadilishane kila anayesafiri anaporudi. Excel, madodoso na sauti ni nyepesi, ziende kwenye sava ya chuo kila jioni. Kunakili kwenye Windows tumieni robocopy kwa /E. Wanaopenda /MIR wajue inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza, kwa hiyo folda tupu iliyonakiliwa kwa /MIR inazaa bekapu tupu. Kadi ya droni isifomatiwe mpaka nakala mbili zimelinganishwa kwa SHA-256, ile alama ya kidole ya faili, amri ikiwa certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na SHA256.

Diski ikae kwenye kopo lenye mfuniko na vifuko vya silika, maana chumvi inakula tundu la USB. Kila mwezi ifunguliwe kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, mtazame mistari 05, C5 na C6 inayohesabu sehemu mbovu. C5 ikitoka kwenye sifuri, nakili na uinunulie mbadala wiki hiyo. Siku hiyo hiyo mtu achague mafaili matatu kutoka nakala ya mbali, moja la sauti, moja la picha na moja la Excel, ayafungue kwenye kompyuta isiyo ya mradi, na aandike kwenye daftari jina lake na tarehe. Likigoma moja, mnalinakili upya kutoka nakala nyingine kabla ya kazi yoyote kuendelea.