Tenshena mpya, na Noah bado inakereketa alfajiri

SWALI: Assalaam alaikum fundi. Nina Noah ya injini ya 1AZ-FSE, naendeshea wageni baina ya mjini na Nungwi. Mwezi uliopita ilikuwa inakereketa vibaya kila ninapoiwasha alfajiri, nikabadilishiwa tenshena, kile kifaa kinachoikaza cheni ya taimingi, mpya. Mlio umepungua lakini haujaondoka: asubuhi inatoa "krrr" kama sekunde mbili, kisha kimya kutwa nzima. Fundi aliyeifunga ananambia nitie oili nzito, 20W-50, na isiponyamaza ataifungua tenshena aongeze washa (kile kiduara cha chuma) chini ya springi isukume kwa nguvu. Nimfuate, au nimeuziwa tenshena mbovu? (Msomaji, Fuoni)

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Usimfuate, kwa yote mawili. Na tenshena usiihukumu bado.

Tenshena ya injini yako ina kindoano kinachoishikilia wakati wa kuifunga. Kama kisingeachia, cheni ingebaki imelegea na ungeisikia kutwa, si asubuhi peke yake. Tenshena mpya ikifungwa kavu huweza kukereketa mara chache za mwanzo mpaka ijae oili, lakini hilo haliendi mwezi. Kwa hiyo tatizo limo ndani ya zile sekunde mbili: ama oili inachelewa kufika, ama kuna kitu kingine kinachogonga wakati oili inasubiriwa.

Sasa hiyo oili nzito. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba kila mlio wa injini dawa yake ni uzito. Wanasema asubuhi kuna baridi, injini "inaumwa", ipe oili yenye nguvu. Baridi ipi, Unguja hii? Hata mwezi wa saba alfajiri yetu haifiki huko. Injini yako imelala tu. Usiku kucha oili imeshuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na ukiwasha, pampu huinyonya upya, ikaipitisha kwenye filta, ikaipandisha kwenye vijitundu vyembamba mpaka ifike kwenye tenshena. Kitabu cha gari yako kinataka 5W-30. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayoeleza oili inavyotiririka ikiwa bado haijapata moto, na 20 hutiririka kwa uzito kuliko 5. Unayo injini inayolia kwa sababu oili imechelewa, halafu unaitilia oili inayokwenda polepole zaidi.

Mtaniambia: mbona fulani ametia na gari imenyamaza? Ndiyo, inaweza kunyamaza. Oili nzito ikishafika hujaza nafasi zilizolika na kuzima sauti. Ulaji unaendelea vilevile, ila sasa huusikii.

Anza na filta. Ndani ya filta mna ulimi wa mpira unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Zile filta za bei ya kutupa, zenye boksi linalofanana na la kampuni, ulimi wake huwa mgumu kama plastiki, au haushiki kabisa. Tia 5W-30 na filta ya asili, ununue kwa mtu unayemwamini, kisha uisikilize asubuhi kadhaa. Mara nyingi safari inaishia hapo, na fundi aliyetaka kufungua injini anakosa kazi.

Mlio ukibaki, mwambie fundi atoe swichi ya oili afunge geji ya presha, tujue pampu inafanya nini hasa. Presha ikiwa sawa, basi mimi ningeitazama pulii ya VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka), ile iliyo mbele ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, ya upande wa kuvutia hewa. Ina pini inayoifunga isicheze mpaka presha ya oili ifike. Pini ikilika, kila unapowasha pulii hugonga huku na huku kwa sekunde moja au mbili, kisha kimya. Tabia hasa ya gari yako! Kubadilisha tenshena hakuigusi kabisa. Kava la valvu likifunguliwa, injini ikiwa imezimwa na pulii imekaa mahali pake pa kufungika, jaribu kuizungusha kwa mkono: ikicheza, umeshampata.

Na cheni yenyewe je, ilipimwa, au ilibadilishwa tenshena tu? Tenshena ya 1AZ inafunguka kwa nje, kwa nati mbili, kwa hiyo fundi anaweza kuona ulimi wake unaoisukuma cheni umetoka kiasi gani. Tenshena mpya ambayo imeshatoka karibu yote inakwambia cheni imerefuka. Ila ikiwa nje, injini isizungushwe hata kidogo. Cheni ikiruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Mashine ya kusoma hitilafu ikitoa P0016, yaani krenki na kamshafti hazilingani, usiiwashe tena mpaka taimingi ikaguliwe.

(Ule mlio wa "tk-tk-tk" usiokatika, gari ikiwa ya moto au baridi, katika injini hizi za D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kama hii yako, mara nyingi ni pampu ya petroli ya presha kubwa. Msifungue cheni kwa ajili yake.)

Ya washa sitaki hata kuyarefusha. Springi ikikazwa kupita kiasi, cheni inasuguliwa kwenye reli za plastiki, zinalika, na vipande vinaanguka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu. Hapo hutakuwa na mlio wa sekunde mbili. Utakuwa na taa nyekundu ya oili katikati ya njia ya Nungwi, wageni wakiwa ndani.

Nimelirefusha hili kwa sababu kuna wanaoifanya kunyamazisha kuwa ndiyo ufundi, na kuna wanaoifanya kuwa biashara. Gari inayokereketa inatiliwa 20W-50 na kopo la dawa ya kuongeza uzito, inapashwa moto, ndipo mnunuzi anaitwa. Ukienda kununua gari yenye cheni, Amaani au Chake, weka mkono kwenye boneti kabla hujaizungumzia bei. Ikiwa ya moto, mwambie mwenyewe utarudi kesho alfajiri na asiiwashe mpaka ufike. Na chomoa stiki ya oili uiangalie: oili inayovutika kama asali kwenye injini ya 5W-30, uliza kwa nini imetiwa.