Kabla Hujaipenda Bodi, Soma Namba ya Chasi

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Tanga anayefanya kazi Leeds, Uingereza. Ameona gari la mbio la zamani, Cobra ya buluu yenye mistari miwili myeupe, muuzaji amemwambia ni "gari lenyewe, limebadilishwa bodi tu", na anataka arubuni kabla ya Ijumaa. Mwisho wa ujumbe kaandika: "Shikamoo kaka, naogopa nisije nikaikosa." Ilikuwa saa tano na nusu usiku, lakini nilimpigia palepale. Maneno kama hayo niliambiwa mimi mwaka 2016, na yaliondoka na akiba yangu ya miaka sita.

Najua nyote mnaonisoma mna ndoto ileile. Gari la zamani la mbio, boneti ndefu, kiti cha chini, na ngurumo inayofanya mtu aliye kando ya barabara ageuke. Kwa mishahara yetu gari lenyewe hatulipati, kwa hiyo macho yanakwenda kwenye nakala. Hakuna aibu hapo. Mimi naziheshimu nakala, ninayo moja gerejini. Ninachokichukia ni nakala inayoficha ukoo wake.

Marehemu baba alikuwa fundi wa kunyoosha bodi Mombasa. Kwake yeye gari lilikuwa moja tu duniani, Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda Safari Rally na 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Baba aliisimulia habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameshika ramani. Nimekua nikilisikia jina la gari hilo kuliko majina ya baadhi ya wajomba zangu.

Sasa jenga picha akilini nilipoona tangazo: bodi ya umbo la Ferrari 250 GTO, gari la mbio la Italia, nyekundu, ya faiba, imevikwa juu ya Datsun 240Z ya 1972. GTO halisi zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 48. Datsun ilichaguliwa na watengenezaji wa bodi hizi kwa sababu zina umbo la undugu: pua ndefu, injini mbele, dereva amesogezwa nyuma karibu na magurudumu, mkia umekatwa. Sura ya Italia na moyo wa gari la baba. Niliamini limeandikiwa mimi.

Nilikwenda kuliona kwenye ghala la shamba, mashambani kabisa huku Uingereza. Muuzaji alinikaribisha chai. Nilifungua na kufunga mlango mara tatu nisikie unavyolia. Nilipitisha kiganja juu ya matundu matatu ya pua, yale yenye umbo la nusu mwezi. Karatasi zilisema Datsun 240Z, na kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini palikuwa na namba inayoanza na HS30, kama inavyotakiwa kwa 240Z ya usukani wa kulia. Nilisoma namba, nikalinganisha na karatasi, nikaridhika. Sikuigusa. Nililipa pauni 16,000 siku hiyohiyo.

Machi 2017 nikaamua kupaka upya rangi ya chumba cha injini. Nilianza na ule ukuta wenye namba, nikasugua kwa msasa laini, taratibu, kama baba alivyonifundisha. Chini ya nyekundu pakatoka nyeusi, chini ya nyeusi pakatoka kijivu. Halafu ukatokea mstari. Ulikuwa mwembamba kama uzi, umenyooka juu ya namba, ukafika pembeni ukakunja kona ukashuka. Niliinamisha taa. Mstari ulizunguka pande zote nne. Kipande cha bati kisichozidi kiganja, chenye namba ya HS30, kilikuwa kimekatwa kwenye gari jingine na kuchomelewa pale, kisha kikasawazishwa na kufunikwa rangi. Nilikaa chini sakafuni na msasa mkononi, sijui kwa muda gani.

Kesho yake rafiki yangu fundi alikuja na futi. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma 240Z ina milimita 2,305. GTO ina 2,400. La kwangu lilisoma 2,400 na ushee. Tukainua mazulia, na chini ya viti tukakuta mshono wa kuchomelea unaokatiza sakafu kutoka upande hadi upande. Hii haikuwa 240Z hata kidogo. Ilikuwa 260Z ya viti vinne, ambayo ni ndefu, milimita 2,605, na mtu aliikata katikati ili bodi ya GTO ikae sawasawa. Kazi ya mikono ilikuwa nzuri, nakiri. Lakini gari lililokatwa katikati likapewa jina la gari lililokufa ni uongo, hata ukipakwa rangi nzuri namna gani. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Simu ya muuzaji haikupokelewa tena. Nashukuru Mungu namba ile haikuwa ya gari la wizi. Lakini ilibidi niripoti, na wakati ule sheria ya DVLA, mamlaka ya usajili wa magari Uingereza, ilikuwa wazi: ili gari lililobadilishwa sana libaki na usajili wake wa zamani lazima lipate pointi 8. Sasipensheni 2, ekseli 2, giaboksi 2, stelingi 2, injini 1. Chasi peke yake ni 5, na lazima iwe ile ya asili, haijakatwa. Chasi yangu ilikuwa imekatwa. Usajili wa kihistoria ukaondoka, na mimi nikaanza upya kama mtu aliyejenga gari kwa vyuma vya kuokota.

Miezi kumi na minne iliyofuata sitaisimulia. Nitasema tu kwamba ukaguzi wa kwanza nilianguka kwa sababu ya kingo kali: ukingo wowote ambao mwili wa mtu unaweza kuugusa lazima uwe mviringo wa milimita 2.5 au zaidi. Nilishika tupa wikendi nzima. Mara ya pili nikapita, nikapewa namba inayoanza na Q, ile inayomwambia kila mtu barabarani kwamba asili ya gari hili haijulikani. Wapo wanaoionea haya herufi hiyo. Mimi naifuta vumbi kila Jumapili. Niling'oa nembo zote za farasi wa Ferrari, nikachonga kibao cha shaba kwa mkono wangu: Datsun 260Z, bodi ya faiba. Ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote.

Kwa hiyo ndugu zangu, sikilizeni. Kubadilishwa bodi si dhambi. Mwaka 1962 Count Volpi, tajiri wa Italia mwenye timu ya mbio, alinyimwa GTO na Enzo Ferrari, mwenye kampuni, kwa sababu aliwasaidia mafundi waliokuwa wamemhama Enzo. Akachukua Ferrari yake ya zamani, 250 GT SWB namba 2819, akampa mhandisi Giotto Bizzarrini, na kule Modena ikavikwa bodi mpya yenye paa lililonyooka hadi mkiani. Watu wakaiita Breadvan, yaani gari la mikate. Kwenye mbio za saa 24 za Le Mans gari hilo lilikuwa mbele ya GTO zenyewe hadi mtambo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu ulipovunjika saa ya nne. Leo hakuna anayeiita bandia, kwa sababu namba yake haijawahi kufichwa na kila aliyeigusa anajulikana.

Vivyo hivyo na Cobra. Yenyewe ilizaliwa kwa kuchanganya: gari la AC la Uingereza, injini ya Ford ya Marekani, wazo la Carroll Shelby, mwaka 1962. Za kwanza zina namba za CSX2000 kwenda juu, kisha zikaja za CSX3000, na zile za kuuzwa huku Uingereza zikapewa COB. Ukiona CSX4000, hiyo ni ya miaka ya baadaye, ni gari halali na zuri, lakini si la miaka ya sitini, na bei yake isiwe ya miaka ya sitini. Kwa hiyo omba namba. Ukishapewa, iguse kwa kidole. Beba tochi, beba futi. Uliza nani alijenga na mwaka gani. Halafu rudi tena kwenye namba. Usitoe arubuni kwa mtu anayekuharakisha, nasema kwa herufi kubwa: USITOE. Muuzaji mkweli atakushikia tochi yeye mwenyewe.

Kijana wa Tanga alinisikiliza. Alimwomba muuzaji picha ya namba ya chasi, akatumiwa picha ya usukani. Akaomba tena, akaambiwa kuna mteja mwingine anakuja na pesa taslimu. Nilimwambia amwache huyo mteja aje. Jumapili anapanda treni kuja kwangu. Boneti ya Datsun nimeiacha wazi, na kwenye ule ukuta, pale palipokuwa na namba, sijapaka rangi mpaka leo. Nataka apitishe kidole chake kwenye ule mstari.