Vijana wa gereji, kabla hamjaosha vifuniko vya konrodi

Jumamosi nilifika gereji hapa Nakuru nikakuta Peugeot 504 ya mteja wa Molo imeshushwa injini, konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki, ile shafti kuu ya injini) ziko nje, na vifuniko vyake vyote vinne, vile vinavyoifunga konrodi kwenye krenki, vimelala kwenye beseni moja la mafuta ya taa. Kijana anavisugua kwa brashi huku anaimba. Nilimwambia aweke brashi chini hapo hapo. Wadogo zangu, nawapenda, mnaamka mapema na kazi hamuiogopi, lakini mwaka huu hii ni mara ya tatu. Basi nayaandika.

1. Soma injini, usisome bodi. Gari za umri huu zimepita mikono mingi, na mwenye gari mara nyingi hajui alichonacho chini ya boneti. Pistoni ya Peugeot 404 ya cc 1618 ina kipenyo cha mm 84. Ya 504 ya cc 1796 nayo ni mm 84. Muuza spea akiweka vania (kipimo cha milimita) juu ya pistoni akasema "ni ile ile", hajakudanganya, amepima nusu tu. Stroki, yaani mwendo wa pistoni juu na chini, ya 404 hiyo ni mm 73, ya 504 ni mm 81. Ile 504 ya cc 1971 ni kipenyo mm 88 kwa stroki 81. Piga hesabu mwenyewe: 0.785 mara 8.4 mara 8.4 mara stroki kwa sentimita, mara silinda 4. Ukipata 1618 unajua umeshika nini, hata bodi iseme mengine.

2. Vipimo vikilingana, bado hesabu meini, yaani beringi kuu zinazobeba krenki kwenye bloku. Land Rover 2.25 ya petroli ni cc 2286, mm 90.47 kwa 88.9, ya zamani na ya baadaye. Lakini hadi 1980 krenki yake ilikaa kwenye meini tatu, kisha zikawa tano. Mteja mmoja alitoka Kitale kwa matatu, krenki ya meini tano imefungwa gunia chini ya kiti, na bloku yake ni ya meini tatu. Nilimwagizia chai na mandazi kwanza, ndipo nikamwambia.

3. Vifuniko. Konrodi na kifuniko chake hutobolewa kiwandani vikiwa vimefungwa pamoja. Tundu lile ni duara kwa hao wawili tu. Ukiwaachanisha ukampa kila mmoja mwenza mwingine, kwa macho huoni kitu, ila uduara umeshaondoka.

Nalijua hili kwa sababu nimelifanya. Mwaka 1998 nilikuwa mwaka wa tatu kazini, tukapokea 504 stesheni wageni ya mwalimu mstaafu wa Njoro. Nilizitoa konrodi, bosi akazipiga namba kwa panchi. Vifuniko vilikuwa kwangu, nimevipanga mezani kwa mstari, nikavipiga namba mwenyewe. Bosi alihesabu kuanzia flaiwili (gurudumu zito upande wa gia boksi), kwa kuwa kwenye Peugeot hizi silinda ya 1 iko upande wa flaiwili. Mimi nilianzia kwa feni, kama nilivyozoea kwenye Datsun na Land Rover. Moja yangu ikawa nne yake, mbili yangu tatu yake.

Siku ya kufunga bosi alikuwa matangani Kakamega. Nikaoanisha namba kwa namba, nikakaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Krenki ikawa nzito. Nilipaswa kusimama pale. Nikajiambia beringi mpya hubana, zitalegea zikitembea. Nikavika bomba kwenye mpini wa spana, nikaizungusha kwa kifua. Ikazunguka. Ikawaka. Waya za plagi nazo hazikunionya, kwa sababu mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2, ukiuhesabu kutoka upande wa pili unabaki 1-3-4-2. Unaweza kuhesabu kinyume miaka kumi na injini ikawaka vizuri kabisa.

Wiki ya tatu mwalimu alikuwa anapanda kuelekea Mau Summit, injini ikaanza kugonga. Alivutwa kwa kamba hadi kwetu. Tulipotoa sampu (beseni la mafuta chini ya injini), beringi moja ya bigendi, upande wa konrodi unaoshika krenki, ilikuwa imeyeyuka na kuzunguka ndani ya tundu lake, krenki imechanika mistari. Na krenki hiyo ilikuwa imeshasagwa mpaka mwisho, haikuwa na nyama tena ya kusagwa.

Mwalimu alikaa kwenye tairi kuukuu. Hakufoka. Aliomba aonyeshwe. Akazishika konrodi, akazigeuza, akasoma zile namba, kisha akaniuliza, "Kijana, moja yako ilianzia wapi?" Nikasema kwa feni. "Na ya mkubwa wako?" Sikuweza kujibu. Gari ile ndiyo iliyopeleka watoto wake wote shule. Nilikatwa mshahara miezi saba kulipa krenki nyingine, na katika miezi hiyo nilimwona mara nyingi stendi, yeye na mkewe, wakisubiri matatu ya Njoro. Nilikuwa navuka barabara ili tusikutane. Aibu ile haijanitoka.

Kwa hiyo: piga alama konrodi na kifuniko upande mmoja, vikiwa bado kwenye krenki. Andika kwenye bloku umeanzia wapi kuhesabu. Kikitoka, kirudishe kwenye konrodi yake papo hapo. Wakati wa kufunga, kaza moja, zungusha, kaza nyingine. Itakayoleta uzito ndiyo yenye neno, na bomba liache ukutani.

4. Mengine kwa haraka. Geuza beringi kuukuu usome mgongoni: STD (saizi ya kiwandani), 025 au 050 (za krenki iliyosagwa). Tapeti na pushrodi, vile vipande vinavyosukuma valvu, zikae kwenye katoni lenye mashimo, kila moja irudi kwake. Slivu za Peugeot, silinda za kuchomekwa kwenye bloku, huzungukwa na maji. Hedi ikiwa nje, usizungushe krenki kabla ya kuzibana slivu kwa bolti na washa, sili za chini zitaachia.

Ile ya Molo, tulifuta vifuniko tukapata namba za kiwandani kwenye vitatu. Cha nne kimebaki na konrodi iliyobaki, lakini siwezi kukifunga kwa kubahatisha. Vyote viko kabatini, ufunguo ninao. Jumatatu saa mbili tunavipeleka pamoja na konrodi zake kwa tona (fundi wa mashine ya kukereza), tuvikaze, apime uduara wa kila tundu. Anayetaka kuona aje na vania yake.