Funga mabua, uza madume mapema: ushauri kwa mfugaji wa Dodoma

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.08 mkoani Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 3.08. Walaji milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mtu anataka nyama na maziwa. Malisho hayajaongezeka hata ekari moja. Tena tangu serikali ihamie huku, sehemu tulizozoea kuchungia kando ya mji zinapimwa viwanja. Nafuga upande wa Chamwino, na ninachowaambia wafugaji wenzangu ni kwamba soko tunalo. Kinachotuangusha ni kiangazi.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 au 600 ikijitahidi. Baada ya hapo, mpaka Novemba, ng'ombe anaishi kwa akiba. Sasa piga hesabu. Zebu, yaani ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, wa kilo 250 anahitaji chakula kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo sita hivi. Kwa miezi saba hiyo inazidi kilo 1,200, na huyo ni mmoja tu! Mwenye ishirini asiyehifadhi hata robo yake anafuga kwa kudra. Nyama yote iliyojengeka masika inayeyuka kufikia Oktoba, mwakani anaanza upya, na dume anakuja kufikia uzito wa kuchinjwa akiwa ameshazeeka zizini. Hata ile gesi ya methani anayoitoa ng'ombe akicheua, tunayolaumiwa kwamba inaongeza joto la dunia, inapungua kwa kila kilo ya nyama pale ng'ombe anapokua haraka, maana anacheua miaka michache kabla ya kwenda machinjioni.

Chakula kipo shambani. Mabua ya mtama, uwele na mahindi tunayaacha yakanyagwe, au mtu anayatia kiberiti. Mimi nayafunga kwa sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko: tandika kamba mbili ndani, jaza mabua yaliyokatwakatwa, kijana apande juu akanyage mpaka yashikamane, kaza kamba, kisha nyanyua sanduku, robota libaki chini. Weka stoo yenye paa, juu ya magogo, mchwa wasifike. Mabua peke yake yanajaza tumbo tu, kwa hiyo changanya na majani makavu ya kunde na karanga, na mashudu ya alizeti kidogo. Ila tafadhali, usiachie ng'ombe kwenye machipukizi mabichi ya mtama uliokwisha kuvunwa. Yana sumu ya sianidi, na ng'ombe anaweza kufa kabla hujapata wa kumtibu.

La pili ni kuuza. Peleka madume na majike wasiozaa mnadani Juni au Julai, wakiwa bado na mwili. Ukisubiri Oktoba utakutana na kila mtu aliyeishiwa malisho, na mchuuzi analijua hilo kabla hujafungua mdomo. Baba mkwe wangu aliponiona napunguza zizi aliniuliza, "Mahari ya vijana utalipa na karatasi za benki?" Hoja yake ina uzito, Mgogo bila ng'ombe ananyimwa hata kiti barazani. Lakini ng'ombe wachache walioshiba wanazaa. Wengi wenye njaa wanatupa mimba.

Kondoa wanajua kinachofuata tukikaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoliwa na makorongo. Nyasi na miti vilirudi, na baadaye watu wakaruhusiwa kufugia bandani. Ardhi ilipona, lakini waliohamishiwa ng'ombe wao waliumia. Mimi napendelea kupunguza kwa bei yangu na kwa wakati wangu.

Ukishakuwa na stoo iliyojaa ndipo ufikirie mbegu. Ulizia ng'ombe aina ya Mpwapwa kwenye kituo cha TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, palepale Mpwapwa. Ana damu ya zebu wetu pamoja na Sahiwal na Red Sindhi wa bara Hindi, analistahimili jua hili na maziwa yake yanamzidi zebu wa kawaida. Frisiani, yule ng'ombe wa maziwa wa kizungu, mwachie jirani mwenye maji ya bomba mpaka zizini.