Kutenga hospitali nzima kwa janga: anzeni na oksijeni, si vitanda

Aliyeuliza kwa nini Nairobi isitenge hospitali moja kwa wagonjwa wa janga na kuijaza vitanda ameanzia kwenye kazi nyepesi. Kitanda hupatikana. Pigeni kwanza hesabu ya hewa.

Mtungi mkubwa wa oksijeni hubeba takriban lita 6,800. Mgonjwa anayetumia barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, huumaliza kwa saa saba na nusu. Wagonjwa 20 wa namna hiyo watakula mitungi 64 kwa siku. Ukiwasha mashine ya kusukuma lita 60 kwa dakika, mtungi hauvuki saa mbili, na lori la mitungi liko foleni Mombasa Road. Pangeni safu mbili: moja itumike, ya pili ingoje ikiwa imejaa. Spana ya kufungulia mitungi ifungwe kwa mnyororo hapo hapo, maana ikipotea usiku mtungi uliojaa ni chuma tu. Mkiwa na mtambo wa kutengeneza oksijeni, kumbukeni unategemea stima; jenereta ikichelewa, mitungi ndiyo itakayowaokoa. Halafu kagueni mabomba. Ya wadi kuukuu hayakuwekwa kwa matumizi makubwa hivi. Mashine nyingi zikiwaka pamoja, presha inashuka, na kitanda cha mwisho kwenye laini ndicho huumia kwanza.

Madirisha ya wadi za zamani ni mali. Yafungueni pande zote mbili hewa ipite. Julai wagonjwa wataomba yafungwe kwa baridi. Ongezeni blanketi, msiyafunge. Ile eyakondisheni ya ukutani huzungusha hewa ile ile tu.

Jengo liwe na mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Ni rahisi mfanyakazi kuambukizwa wakati wa kuvua mavazi ya kinga, kwa hiyo chumba cha kuvulia kiwe na kioo, maji na mtu wa kusimamia kila hatua: glovu, gauni, kunawa, miwani, barakoa mwisho baada ya kutoka wadini, kisha kunawa tena. Jik (dawa ya klorini) ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo 1 kwa maji 6 kupata asilimia 0.5 ya kusafishia damu iliyomwagika. Kwa sakafu na vitanda, 1 kwa 34. Ichanganywe upya kila siku.

Kinachosahaulika ni wagonjwa mnaowahamisha. Mbagathi, kwa mfano, ilianza kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na ukiitenga unagusa watu wanaochukua dawa za TB na ARV hapo. Wapewe dawa za miezi kadhaa na waambiwe kituo kipya kabla ya lango kufungwa. Wajawazito na wa dialisisi hawangoji kabisa.

Na zamu zipangwe na basi la wafanyakazi. Kafyu ya korona ya Machi 2020 ilianza saa moja jioni. Zamu inayobadilishana saa hiyo hiyo inamwacha muuguzi barabarani.