Gari la umeme Mwanza: usianze na bei

Kaka, umeuliza kama BYD Atto 3 iliyotumika kutoka Uingereza itakufaa hapa Mwanza, na safari za Musoma kila mwezi. Kwa mjini itakufaa sana. Mimi langu la umeme ninalo mwaka wa pili, Nyegezi hadi Igoma kila siku, na ninalichaji nyumbani usiku. Tena ukishuka vilima vyetu, breki zinarudisha chaji kidogo.

Musoma ndiyo yenye kazi. Kipimo cha kiwandani ni kilomita 420 kwa chaji moja, lakini ukikimbia na kiyoyozi kikiwaka hupati hizo. Kwenda ni kama kilomita 220, utafika vizuri. Kurudi bila kuchaji, hapana. Na betri ya kilowati-saa 60 kwenye soketi ya kawaida inaweza kumaliza saa ishirini na zaidi, kwa hiyo ulale huko, tena kwa mwenyeji mwenye waya nzuri za umeme.

Waranti ya betri ya miaka 8 isikulaze usingizi. Muulize muuzaji kwa maandishi kama inafanya kazi Tanzania, maana nyingi hubaki nchi gari lilikouzwa. Mimi sikuuliza, nikaja kuambiwa baada ya gari kutoka bandarini. Iliniuma.

Kuhusu kuuza baadaye, wateja ni wachache na madalali wanabana bei kwa hofu ya betri. Dai ripoti ya afya ya betri kabla hujalipa, uitunze. Uwezo wa betri uliobaki ukiwa chini ya asilimia 85, mimi nisingenunua.