Ukienda Kulturbrauerei, Usiseme "Tukutane Getini"

Desemba moja shemeji yangu alikuja Berlin kututembelea, akitokea Tanga. Nikampigia: "Shem, saa moja jioni tukutane getini Kulturbrauerei." Nikasimama geti la mtaa wa Knaackstraße. Yeye kasimama upande wa barabara ya Schönhauser Allee, simu imezima, masikio yamekufa ganzi kwa baridi. Tulipoonana alikuwa kanuna hata salamu haikutoka.

Kosa langu. Kulturbrauerei, kituo cha utamaduni na burudani, si jengo moja, ni kama mtaa: majengo zaidi ya 20 ya matofali mekundu na ya njano, yamezunguka nyua sita, mita za mraba 25,000 hivi. Zamani kilikuwa kiwanda cha bia cha kampuni ya Schultheiss. Msanifu wa majengo yake, Franz Schwechten, ndiye pia aliyesanifu lile kanisa la Kaiser Wilhelm ambalo mnara wake uliovunjwa na mabomu watalii hawaishi kuupiga picha. Bia ilikoma kupikwa mwaka 1967, enzi za Ujerumani Mashariki. Sasa ni sinema, kumbi za muziki, disko na migahawa.

Kwa hiyo taja jengo. Mengi yameachiwa majina ya kazi zao za zamani: Kesselhaus ni nyumba ya boila, Maschinenhaus ni ya mashine, na zote mbili leo ni kumbi za muziki. Ukishuka treni ya U2 kituo cha Eberswalder Straße, ni mwendo mfupi tu kwa miguu.

Tena nenda kukiwa bado mchana, kabla muziki haujaanza. Wengi huja usiku wakacheza wakaondoka bila kujua kwamba humo ndani kuna makumbusho ya maisha ya kila siku ya Ujerumani Mashariki, na kuingia ni bure. (Jumatatu hufungwa, mimi niliwahi kupeleka mgeni Jumatatu.) Kuna Trabant, gari dogo lililotengenezwa Ujerumani Mashariki, lenye hema juu ya paa, watu walikuwa wakisafiri nalo likizo. Shemeji, aliyekulia kwenye foleni za sukari za miaka ya 80, tuliporudi siku nyingine mchana alikaa humo kwa muda wa karibu saa mbili nzima. "Kumbe na hawa walipanga foleni," akasema, na hasira yote ikaisha.

Tiketi za muziki nunua mapema. Niliwahi kwenda nikitegemea kulipa mlangoni, nikaishia kusikiliza besi nikiwa nje uani.

Desemba kuna soko la Krismasi la Lucia, lenye mambo ya nchi za Skandinavia. Beba pesa taslimu, vaa soksi mbili, na kikombe cha kinywaji cha moto usikiache mezani: umekilipia amana, ukikirudisha unapewa hela yako. Shemeji alivikusanya vya watu wanne, akapata nauli ya kurudi.

Siku hizi mgeni namwambia: mlango wa Kesselhaus, penye bomba refu la moshi. Na chaji simu kabla hujatoka.